Tone la Seramu Lisingoje Ndege

Mtu atokaye Goma akashika njia ya Rutshuru, akauacha uwanja wa ndege nyuma yake, hufika Munigi kabla hajachoka. Na kama ni mgeni, jambo la kwanza kumdhihirikia ni kwamba anachokikanyaga si udongo bali ni jiwe jeusi lenye makali, masalia ya moto wa tangu zamani wa Nyiragongo, mlima ambao tena tarehe 17 Januari 2002 ulipasuka ubavuni, mipasuko ikashuka hata karibu na Munigi yenyewe, na mto wa moto ukaingia mjini. Jiwe hilo lina madhara mawili ambayo mgeni hayatambui kwa siku moja: halichimbiki choo, na halichimbiki kaburi. Ndiyo maana waliokuwapo Julai 1994, wakati mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipomiminika katika mji huu na viunga vyake, hawasahau maiti zilizoviringishwa mikekani zikalazwa kandokando ya barabara kungoja magari. Kipindupindu kiliwakuta watu hawana maji wala mahali pa kujisitiri, na wataalamu waliofanya hesabu baadaye walikadiria kuwa karibu watu 50,000 walifariki katika mwezi wa kwanza, maana kuhara damu nako kulikuja nyuma ya kipindupindu kuokota waliobaki.

Naanza na misiba hiyo kwa sababu haikwisha. Mwishoni mwa mwaka 2022, watu waliovikimbia vita vya Rutshuru walipopiga vibanda vyao Kanyaruchinya, maradhi yaleyale yalirejea, na kituo cha kuwatibu wagonjwa kikafunguliwa papa hapa Munigi. Miaka 28 ilikuwa imepita, na jiwe ni lilelile, na bidoni za manjano zikipanda chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma, kutafuta maji ni zilezile.

Walakini makala haya hayahusu maji, ijapokuwa maji safi ndiyo kinga ya kwanza na ya mwisho ya kipindupindu, na yeyote atakayedai vinginevyo simsadiki. Yanahusu kitu kidogo mno, ambacho hakizungumzwi barazani wala redioni, nacho ni tone moja la seramu.

Mgonjwa afikapo kituoni macho yamezama na ngozi imelegea, muuguzi mwenye akili hangoji jawabu la maabara. Humtilia maji mshipani na kumnywesha maji ya chumvi na sukari, na aghalabu humwokoa. Lakini serikali haitangazi mlipuko wa maradhi kwa kuona macho yaliyozama, wala akiba ya dunia ya chanjo ya kipindupindu haifunguliwi kwa maneno matupu. Sharti maabara ithibitishe. Fauka ya hayo, kuna suala la dawa: vijidudu vya mwaka 1994 vilikuwa vimekwisha kuizoea tetrasaiklini na doksisaiklini, dawa ambazo matabibu wa siku zile walizitegemea, na huwezi kuijua tabia ya kijidudu ambacho hujakitambua jina. Basi kinyesi cha mgonjwa hupelekwa maabara, hupandwa katika sahani yenye chakula cha vijidudu, na kesho yake huonekana vijidoa vya manjano vilivyo bapa. Mtaalamu huchota kidoa kimoja, hukikoroga juu ya kipande cha kioo, hudondoshea tone la seramu, na kukiyumbisha kioo taratibu mbele ya taa. Ikiwa ni kipindupindu chenyewe, kabla hujamaliza kuhesabu hadi sitini, maziwa yale membamba hukatika yakawa chembechembe, mfano wa maziwa yaliyoingiwa na ndimu. Jawabu limepatikana.

Na lile tone limetoka wapi? Limetoka katika damu ya sungura.

Wasomaji waliokua na hekaya za Sungura mjanja, asiyeshikika kwa simba wala kwa fisi, watastaajabu kusikia kwamba katika maabara za dunia yeye ndiye aliyeshikika kuliko wanyama wengi, na kwamba ujanja wake umo damuni. Kazi yenyewe haina uchawi. Huchukuliwa vijidudu vya kipindupindu, vikauawa kwa joto visiweze kudhuru, kisha sungura hudungwa kidogo katika mshipa wa sikio. Baada ya siku chache hudungwa tena, kwa kipimo kilichozidi, na tena, kwa muda wa majuma kadhaa. Mwili wa sungura, usiojua kwamba adui amekwisha kufa, hujiandaa kwa vita na kutengeneza kingamwili, yaani zile protini za damu ambazo kila moja imechongwa ili ing'ang'anie mahali maalumu penye mwili wa adui. Kisha damu hutolewa sikioni, huachwa igande, na maji ya rangi ya asali nyepesi yanayojitenga juu ya bonge la damu ndiyo seramu.

Kingamwili hizo wataalamu huziita za polikloni, maana hazikutoka katika ukoo mmoja wa chembe za damu bali katika koo nyingi, na kila ukoo umeshika upande wake wa kijidudu. Zipo pia za monokloni, zilizo nakala za kingamwili moja tu, ambazo Georges Köhler na César Milstein walionyesha njia ya kuzitengeneza mwaka 1975. Mwenye kutaka kuielewa tofauti na atazame ziwa Kivu usiku. Mvuvi wa ndoano huleta samaki mmoja aliyemkusudia. Wavuvi wa sambaza, ambao huunganisha mitumbwi yao mitatu na kuwasha taa, huteremsha wavu, na wavu huleta riziki nyingi kwa mara moja, pamoja na vitu ambavyo hawakuvikusudia. Kingamwili za polikloni ni wavu. Zinashika kwa nguvu na kutoka pande nyingi, hata kijidudu kikibadilika kidogo hakiponyoki, lakini baadhi yake hushika pia jamaa wa kijidudu kile wasio na hatia, kwa hiyo mtaalamu hana budi kufanya lile lifanywalo pwani alfajiri, yaani kuchambua. Huichanganya seramu na vijidudu vya jamaa wale, ili kingamwili zisizotakiwa ziwashike na kuondoka nao, ikabaki ile iliyo halisi. Kwa njia hiyo hupatikana hata seramu zinazotenganisha kabila la Ogawa na kabila la Inaba, ndugu wawili wa kipindupindu wanaofanana kama pacha.

Baadhi ya watu wa Kivu Kaskazini hawahitaji kufunzwa neno kingamwili, kwa kuwa walilijua kwa machozi. Katika mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, ambao Julai 2019 uliingia Goma na Munigi ikawa na kituo chake cha matibabu, majaribio yaliyofanywa Beni, Butembo, Katwa na Mangina juu ya wagonjwa 681 yalidhihirisha kwamba dawa mbili za kingamwili zilishinda nyingine: moja asili yake ni damu ya mtu aliyenusurika na Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, na nyingine ilitokana na panya waliotiwa vinasaba vya kibinadamu. Waliopewa dawa hizo walifariki kiasi cha mmoja katika watatu, ilhali miongoni mwa waliopewa dawa mbili nyingine walikufa karibu nusu. Damu iliyotumika ni ya Mkongo, na wagonjwa waliojitolea ni Wakongo, na Profesa Jean-Jacques Muyembe aliyesimama mbele ya kazi ile ni Mkongo. Viwanda tu ndivyo havikuwa vyetu. Wala simlaumu mtu kwa hilo, kwa sababu kutengeneza dawa ya kumtilia binadamu mshipani ni jambo la viwanda vikubwa na mali nyingi.

Lakini seramu ya kupimia haitiwi katika mshipa wa mtu. Inatiwa juu ya kioo. Hapo ndipo lilipo shauri langu, nalo ni jepesi kulieleza: mkoa huu unapaswa kutengeneza wenyewe seramu za kutambulia kipindupindu na kuhara damu, kwa sungura wake, kwa mikono ya wataalamu wake, na kwa kanuni za huruma zitakazoandikwa kabla sungura wa kwanza hajaguswa.

Atakayesema kwamba hayo ni makubwa kuliko sisi na aisome historia ya nchi jirani. Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo walionyesha huko Berlin mwaka 1890 kwamba seramu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda humkinga mnyama mwingine, na miaka 11 baadaye Behring akapewa tuzo ya kwanza ya Nobel ya tiba kwa kazi yake juu ya dondakoo. Haukupita muda mrefu, maarifa hayohayo yakawa yanatumika Afrika Mashariki: katika maabara ya mifugo ya Kabete, karibu na Nairobi, waliwadunga ng'ombe maradhi ya sotoka mara kwa mara hata damu yao ikajaa kinga, wakawatoa damu, na seramu ile ikapelekwa kwa mifugo ya wafugaji. Waliowashika ng'ombe wale, wakazisafisha chupa na kulichunga joto la maji, walikuwa Waafrika, ingawa vitabu havikuandika majina yao. Kazi ilisogea kutoka seramu kwenda chanjo, na Walter Plowright akatengeneza Muguga, jirani na Kabete, chanjo iliyoufikisha ulimwengu mwaka 2011 mahali ambapo sotoka ilitangazwa kuwa imetoweka duniani. Ikiwa ng'ombe mzima aliwezekana zaidi ya miaka 100 iliyopita, bila umeme wa kutumainika na kwa barua zilizokwenda kwa meli, sungura wa kilo tatu atashindikanaje leo?

Na tufanye hesabu kidogo, ingawa hesabu huwachosha wasomaji wa magazeti. Sungura wa kilo tatu ana damu ipatayo mililita 170. Kanuni ya uungwana inasema usimtoe zaidi ya sehemu moja katika kumi, kisha umpumzishe majuma matatu au manne. Basi ni mililita 17 hivi, na nusu yake ni seramu. Chupa ya seramu iletwayo kutoka viwanda vya ng'ambo mara nyingi ina mililita 2. Mnyama mmoja kwa mwezi mmoja, bila kuuawa, anajaza chupa nne, na tukitia hasara ya kuchambua na kupima, tuseme mbili. Sungura 20 wangetosha mahitaji ya maabara zetu na kubakisha ya kuwapa majirani. Na sungura hatukosi. Katika mashamba ya Masisi na Lubero, nyumba nyingi hufuga sungura au simbilisi, wakila majani na maganda ambayo mbuzi ameyakataa.

Kinachonisukuma zaidi ya hesabu ni ndege. Seramu ya kununuliwa husafiri baridini, kati ya nyuzi 2 na 8, kutoka bara jingine hadi Kinshasa, na kutoka Kinshasa hadi hapa ni safari ya zaidi ya kilomita 1,500 ambayo haina barabara ya kupita. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma, mapigano yakafika hadi Munigi, na uwanja wa ndege ukafungwa. Siku hizohizo Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitoa sauti ya hofu juu ya maabara ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, iliyomo mjini, isije ikaguswa, na vijidudu vilivyohifadhiwa humo, Ebola ikiwa miongoni mwao, vikatoka nje. Kipindupindu hakikungoja uwanja ufunguliwe. Kinakuja kwa mguu, pamoja na watu waliofukuzwa makwao. Mji ambao kila chupa yake ya kupimia hushuka kwa ndege hupofuka siku ndege zinapokoma, na siku hiyo ndiyo hasa siku ya kuhitaji macho.

Najua nitaambiwa kwamba siku hizi kuna vijiti vya kupimia, ambavyo mtu hutumbukiza katika choo cha mgonjwa na kusoma mistari baada ya dakika chache. Ni kweli, na vina faida kubwa kambini. Ila vijiti hivyo navyo vimepakwa kingamwili na huletwa kwa ndege ileile, na zaidi ya hayo huweza kumtuhumu asiye na kosa, kwa hiyo wataalamu wa dunia wanataka jawabu lao lithibitishwe kwa kupanda kijidudu au kwa kipimo cha vinasaba. Kipimo cha vinasaba kinataka mashine, na mashine zinataka umeme na kemikali ambazo bei yake sitaitaja nisije nikawatisha waziri na karani wake.

Hoja nzito ni nyingine, nayo inahusu dhuluma kwa mnyama, na sitaipita upesi. Mwaka 2020 maabara ya Tume ya Ulaya inayoshughulikia njia mbadala za kupima bila wanyama ilipendekeza kwamba wanyama wasitumiwe tena kutengenezea kingamwili, kwa kuwa leo zinaweza kuchaguliwa katika chupa kwa msaada wa virusi vya bakteria na kuzalishwa na chembe hai. Wataalamu wengi wakabisha, wakisema njia hizo bado hazijafika kila mahali wala hazitoshi kwa kila haja. Mimi naona wote wawili wana haki katika nyumba zao. Ulaya yenye njia mbadala haina udhuru wa kumtesa sungura. Sisi ambao bado hatunayo tunamtumia sungura yuleyule leo hii, tofauti ni kwamba hatumwoni. Anatolewa damu mbali, katika kizimba tusichokijua usafi wake, nasi tunanunua chupa na kujiona tuna mikono safi. Marekani kwenyewe, kampuni ya Santa Cruz Biotechnology, iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kingamwili duniani, mwaka 2016 ilikubali kulipa faini ya dola milioni 3.5 na kupoteza leseni yake kwa shutuma za kutowatunza mbuzi na sungura iliokuwa ikiwatoa damu. Anayenunua kwa jirani mkatili hajaepukana na ukatili, ameuhamisha tu.

Kumleta sungura nyumbani, basi, ni kujitwika dhima yake machoni pa watu. Na katika jambo hili kipindupindu kina nafuu ambayo wengi hawaijui. Kwa kingamwili nyingi, watengenezaji humchanganyia mnyama kichocheo, na kile kilicho mashuhuri, kilichobuniwa na Jules Freund, ni mafuta ya madini yenye vijidudu vya kifua kikuu vilivyouawa, ambacho huamsha kinga kwa nguvu lakini huweza kumwachia mnyama vidonda na uvimbe wenye maumivu. Kijidudu kizima cha kipindupindu hakihitaji kichocheo hicho; chenyewe kinatosha kuustua mwili. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya nyumba ya sungura wetu na iwe kukataza kichocheo hicho kabisa. Ya pili, asitolewe damu nje ya kipimo nilichokitaja, wala asitolewe moyoni akiwa hai na fahamu zake, kama walivyofanya baadhi ya watu wa zamani. Wakae wawili wawili au zaidi wanapopatana, wawe na nyasi za kutafuna na nafasi ya kusimama kwa miguu ya nyuma, kwa maana sungura aliyefungiwa peke yake katika sanduku la waya hupata maradhi ya mifupa na huzuni, na damu ya mnyama mwenye huzuni haiaminiki hata kwa mtu asiyejali huruma. Na iwepo kamati yenye tabibu wa wanyama na angalau mtu mmoja asiyekuwa mwanasayansi, mwalimu au kasisi au shehe au mama wa sokoni, mwenye ruhusa ya kufungua mlango siku yoyote bila kubisha hodi. William Russell na Rex Burch waliandika mwaka 1959 kwamba mwenye kutumia mnyama atafute kwanza badala yake, akikosa apunguze idadi, na kwa waliobaki apunguze maumivu; siku njia ya chupa itakapofika Kivu kwa bei yetu, sungura wetu wastaafu.

Nani afanye? Hatuhitaji kuunda wizara. Butembo kuna Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, chenye kitivo cha tiba ya wanyama ambacho vijana wake wanajifunza kumdunga sungura kwa nadharia wakati wangeweza kujifunza kwa kazi yenye manufaa. Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, kuna kituo cha utafiti ambacho Wabelgiji walikiasisi baada ya vita vikuu kwa taasisi yao ya IRSAC ya mwaka 1947, chenye majengo, bustani na watumishi waliovumilia tawala nyingi na mishahara michache. INRB ina vijidudu vyenyewe, vilivyokusanywa kwa wagonjwa wetu, na ina watu wa kuipima seramu na kuilinganisha na ya kununua. Kinachokosekana ni barua tatu zinazoandikiana, maana taasisi zetu zina tabia ya kuwasiliana na Brussels kwa urahisi zaidi kuliko kuwasiliana zenyewe.

Wala sitaki tuanze na makubwa. Seramu ya kumtibu aliyeumwa na nyoka, inayotoka kwa farasi, au ya kichaa cha mbwa, hiyo inaingia mwilini mwa mtu na kosa lake ni kaburi: mwaka 1901, huko St. Louis, watoto 13 walifariki kwa sababu seramu yao ya dondakoo ilitoka kwa farasi aliyekuwa na pepopunda na hakuna aliyeikagua. Tone juu ya kioo, likikosewa, litatoa jawabu baya ambalo seramu ya pili na macho ya mtaalamu yataligundua. Huo ndio mwanzo wa mtu mwenye adabu na kazi anayojifunza.

Nawaomba basi mkuu wa kitivo cha Butembo na wakuu wa Lwiro na wa maabara ya Goma, kila mmoja pale alipo na chini ya mamlaka yoyote anayoishi nayo, waandikiane mwaka huu, kabla ya mvua za masika; waanze na sungura sita na kanuni iliyobandikwa mlangoni. Sungura sita, kwa bei ya soko la Virunga, ni gharama ambayo hata wasomaji wa gazeti hili tunaweza kuichanga.